Nchi Iliyopigwa Upya

Niseme mapema kwamba sina malalamiko. Mimi ni msomaji wa taarifa katika Redio ya Taifa ya Shwari, na msomaji wa taarifa akishaanza kulalamika, sauti yake inaharibika. Nasimulia haya kwa sababu majirani zetu wamezidi kutusema, na ningependa ijulikane kwamba kila jambo lilifanyika kwa utaratibu, kwa amani, na mbele ya bendi.

Shwari ni nchi ndogo. Inaongozwa na Baba Mwasisi, aliyeiasisi mwenyewe na ambaye tangu siku hiyo hajabahatika kumpata mtu wa kumpokeza. Mambo yetu yote yamo ndani ya Mtambo. Mtambo ni kompyuta kubwa iliyowekwa katika jengo lenye baridi nyuma ya Ikulu, na humo wamo raia wote, walio hai na waliokufa, walioolewa na walioachwa, mashamba na mipaka yake, wafungwa na siku zao za kutoka. Mtambo ukisema umeoa, umeoa, hata kama mkeo hajapata habari. Zamani tulikuwa na katiba yenye vifungu vingi, lakini ilionekana inawachosha wanafunzi, ikapunguzwa mpaka kikabaki kifungu kimoja tu: Mtambo haukosei.

Kifungu hicho ndicho kilichomnasa Haidari, kinyozi, mwana wa pekee wa jirani yangu Bi Siwema. Haidari alikwenda ofisini kuomba leseni ya kibanda chake. Karani akatazama kwenye skrini, akamtazama yeye, kisha akampa pole, kwa maana Mtambo ulionyesha kwamba amekwisha fariki. Hapo mtu mwenye busara angeinamisha kichwa akarudi nyumbani kujipanga. Haidari alicheka. Akauliza kama maiti huja na miguu yake kupanga foleni. Akakamatwa papo hapo kwa kosa la kupingana na Mtambo, akapelekwa Gereza la Kiwandani akae humo mpaka Mtambo utakaposema vingine.

Bi Siwema alizunguka ofisi zote za mji. Kila alikokwenda aliambiwa asubiri, kwa sababu toleo jipya la mfumo lilikuwa njiani na lingesahihisha kila kitu.

*

Kwa asiyejua mambo ya kompyuta nitafafanua kidogo. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoziamrisha nyingine zote. Mfumo ukizeeka kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuboresha: unaweka toleo jipya juu ya la zamani, na vitu vyako vyote vinabaki mahali pake, vizuri na vibovu. Ya pili mafundi wa mitaani huiita kupiga upya: unafuta diski nzima ikawa nyeupe, halafu unasimika mfumo mpya ambao haujui hata jina lako.

Serikali yetu ilikuwa ikiboresha. Toleo jipya lilipokuja, Bi Siwema alivaa kanga yake nzuri akaenda kuuliza. Haidari alikuwa bado amekufa, ila sasa alikuwa na tarehe ya kufa. Toleo lililofuata likampatia sababu: alianguka kutoka juu ya mnazi. Bi Siwema akaeleza kwamba mwanawe ni kinyozi na hajapanda hata mpera. Akajibiwa kwamba ndiyo maana alianguka. Toleo la baada ya hapo lilikuja na picha ya kaburi lililopandwa maua. Mimi nimeliona kaburi hilo kwenye skrini, na kusema kweli ni zuri kuliko la baba yangu.

Kila adhuhuri Bi Siwema alipeleka chakula gerezani. Askari wa lango, Afande Sabasi, alikuwa mtu mwema. Kwa kuwa sheria haikuruhusu kumpelekea chakula mtu aliyekufa, alikipokea kama sadaka ya marehemu, akaonja kidogo kwa niaba ya wafiwa, kilichobaki akakipitisha ndani. Mama mtu alikuwa akisimama nje ya ukuta mpaka asikie mwanawe akiita kwamba ameshiba. Ndipo aliporudi nyumbani.

*

Kisha Mtambo wenyewe ukaanza kuugua. Matoleo yalikuwa yamelundikana moja juu ya jingine, na chini kabisa kulikuwa na uchafu ambao hakuna aliyekumbuka ulitoka wapi. Watu wakaanza kuolewa na wakwe zao. Kikosi kizima cha jeshi kikapewa likizo ya uzazi, na makamanda, kwa nidhamu yao, wakaichukua. Haya yote tuliyavumilia. Lakini siku ya kuzaliwa kwa Baba Mwasisi, mbele ya mabalozi, skrini kubwa ya uwanjani ilionyesha umri wake halisi. Hapo kila mtu alikubali kwamba ugonjwa umefika pabaya.

Wizara mbili zikajitokeza kuutibu. Wizara ya Kuboresha ilikuwa chini ya Mheshimiwa Profesa Kidawa, mwanamama wa maneno laini. Yeye alihutubia taifa akasema usitupe mbachao kwa msala upitao. Kwamba nchi ni kumbukumbu, na anayefuta kumbukumbu anafuta nchi. Wenye midomo yao walinong'ona kwamba uprofesa wake mwenyewe ulizaliwa ndani ya toleo fulani, na kwamba kufuta kungemrudisha shule ya msingi. Wizara ya Kupiga Upya ilikuwa chini ya Mheshimiwa Brigedia Lutengano. Yeye alisema huwezi kupika pilau katika sufuria yenye ukoko wa jana. Naye walimnong'ona: eti kuna ukoko fulani wa vita vya mpakani ambao angependa usuguliwe utoke. Mimi sikunong'ona. Nilisoma hotuba zote mbili kwa sauti ileile.

Jioni moja Bi Siwema alinijia barazani. Alitaka nimweleze, mimi niliye karibu na wakubwa, ni njia ipi itakayomtoa mwanawe. Nikamwambia kwamba wakiboresha, Haidari atabaki amekufa, na huenda safari hii wakamwongezea arubaini. Wakipiga upya, kifo chake kitafutika.

Akauliza, "Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Mwanangu. Wakishafuta kifo chake, yeye watamwacha?"

Nikamwambia asiwe na hofu, kwa maana Brigedia ameahidi kwamba kabla ya kufuta chochote itatengenezwa nakala rudufu, na kila kitu chenye maana kitahifadhiwa humo. Niliisema kwa sauti ya redioni. Bi Siwema aliniamini.

Kuanzia siku hiyo akawa mstari wa mbele katika maandamano ya Kupiga Upya. Alikuwa na sauti kali ya vigelegele na uso unaoaminika, na Brigedia aliliona hilo mara moja. Picha yake ikabandikwa kwenye kuta zote za nchi, amenyanyua mikono, na chini yake yameandikwa maneno: Mama wa Upya. Alipokuwa akipita sokoni, watoto walimwita kwa jina hilo. Yeye alifurahi kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa nyuma ya ukuta wa Kiwandani.

Nakala rudufu ilitengenezwa kweli, msije mkasikia uongo. Zilihifadhiwa hotuba zote za Baba Mwasisi pamoja na makofi yake, harusi za watoto wa mawaziri, na nyimbo za kwaya ya Ikulu katika video ya ubora wa juu. Baada ya hapo diski ikajaa.

*

Siku ya kazi ilifika. Tulikusanyika katika lile jengo la baridi tukiwa na makoti ya kuazima. Fundi Mkuu alikuwa Bwana Gaitani, mpwa wa waziri mmoja, aliyesomeshwa ng'ambo mpaka akarudi na miwani. Aliingiza diski ya mfumo mpya, Mtambo ukanguruma, na kwenye skrini likatokea swali: Je, vitu vya zamani vibaki au vifutwe? Chini yake kulikuwa na visanduku viwili, na chini kabisa kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa Endelea.

Hapa lazima niwaeleze desturi yetu. Katika Shwari, swali lenye majibu mawili halijibiwi na mtu wa kawaida. Hupelekwa Ikulu. Desturi hii ilianza zamani, katibu mmoja alipoulizwa kama angependa chai au kahawa, akasema chai, na dakika hiyohiyo Baba Mwasisi akaomba kahawa. Katibu yule hatujamwona tena. Tangu hapo hata mhudumu wa hoteli akikuuliza ugali au wali, unamwambia ngoja nipige simu.

Basi Bwana Gaitani akapiga simu. Profesa Kidawa alikuwa kulia kwake akisali, Brigedia kushoto kwake akisali pia. Baba Mwasisi alikuwa akisuguliwa miguu. Alisikiliza swali lote kwa utulivu, akatoa jibu ambalo huwatolea wote, wajenzi, majenerali na wakwe zake.

"Endeleeni," akasema, na simu ikakatika.

Tukatazamana. Kumuuliza Baba Mwasisi mara ya pili ni sawa na kumwambia kwamba mara ya kwanza hakusema kitu, na hakuna aliyekuwa tayari kumwambia hivyo. Waliotengeneza programu ile, watu wa mbali wasiotujua, walikuwa wamekwisha weka alama ndogo kwenye kisanduku cha Vifutwe. Kuihamisha alama ile kungekuwa kuamua. Kuiacha ilipo hakukuwa kuamua, kulikuwa kuendelea. Bwana Gaitani alijifuta jasho mle mle kwenye baridi, akabonyeza kitufe cha kijani.

Mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye skrini, na nchi yetu ikawa inatoweka kutoka kushoto kwenda kulia. Mashamba yakaenda. Ndoa zikaenda. Profesa Kidawa akaomba kiti. Nje, watu walipoambiwa, walipiga makofi, na juu ya makofi yale nilisikia vigelegele vya Bi Siwema. Mwili ulinisisimka, sijui kwa nini. Pengine ni ile baridi.

*

Mtambo mpya ulikuwa mweupe na mwepesi. Jambo la kwanza uliuliza jina la mmiliki, likaandikwa la Baba Mwasisi. Uliuliza umri, akataja aliokuwa akiupenda. Uliuliza ametawala mihula mingapi, na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kulinganisha, ikaandikwa kwamba huu ndio wa kwanza. Brigedia alilia kwa furaha. Profesa Kidawa, ambaye sasa hakuwa profesa wa kitu chochote, alilia zaidi.

Nami nikapata heshima ya kusoma taarifa kubwa kuliko zote nilizopata kusoma. Kwamba Shwari haina deni. Kwamba Shwari haijawahi kupigana vita. Kwamba katika Shwari hakuna aliyewahi kufa. Na kwamba Shwari ni nchi ya kwanza duniani isiyo na mfungwa hata mmoja.

Bi Siwema aliisikia taarifa hiyo jikoni. Akajitwika sufuria ya wali, akaenda Kiwandani akiimba, apate kutoka na mwanawe mkono kwa mkono. Alimkuta Afande Sabasi amesimama langoni kama siku zote.

"Mama, humu hamna mtu," Afande Sabasi alimwambia.

"Si jana tu ulipokea chakula chake?"

"Jana alikuwa marehemu. Leo hayumo kabisa."

Akamweleza kwa upole. Ili mlango ufunguliwe mtu atoke, lazima Mtambo utaje jina la anayetoka, na Mtambo haukuwa na jina hata moja. Wapishi walikwisha hamishiwa hospitali, maana hapakuwa na wa kupikiwa. Sauti zilizosikika kutoka ndani, na zilisikika, wanaume kwa makumi wakiita majina yao wenyewe, wizara ilikuwa imetoa ufafanuzi kwamba ni mabaki ya mfumo wa zamani na yatakoma yenyewe baada ya siku chache. Siku hiyo sufuria haikupita. Hapakuwa na marehemu wa kutolewa sadaka.

Akaenda kituo cha uandikishaji. Raia wote tulitakiwa kujiandikisha upya, kila mtu kwa mwili wake, na mzazi aje na watoto wake mkononi. Karani akamuuliza kama ana mtoto. Akasema anaye mmoja. Karani akamwambia amlete. Akaelekeza kidole upande wa gereza, karani akatazama kwenye skrini, akamwambia jengo lile ni tupu. Akamkumbusha, bila ukali, kwamba kudai mtoto asiyekuwepo ni kupingana na Mtambo, na kwamba wapo akina mama wengi tu waliokwisha jibu hawana, wakapewa vitambulisho na kilo ya sukari.

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nikamnong'oneza aseme hana, yaishe, ni neno tu.

Aligeuka akanitazama. "Wewe kazi yako ni kusoma," akasema. "Mimi nilimzaa."

Akatoka bila kitambulisho. Mimi nilipata changu, na sukari.

*

Gereza lisilo na mfungwa ni aibu kwa nchi yenye furaha. Ikatangazwa, kwa sauti yangu, kwamba jengo la Kiwandani litabomolewa mbele ya wageni waalikwa, na mahali pake patapandwa Bustani ya Mwanzo Mpya. Mhandisi mmoja aliuliza kama haifai likaguliwe kwanza. Akaelimishwa kwamba kukagua jengo ambalo Mtambo umesema ni tupu ni kuutilia Mtambo shaka, na yeye kwa bahati nzuri alikuwa mwepesi wa kuelimika.

Asubuhi ya sherehe palikuwa na mahema meupe, mabalozi wenye miwani ya jua, na bendi. Tingatinga la njano lilisimama mbele ya ukuta, injini ikiunguruma polepole. Zile sauti za ndani zilikuwa zimepungua sana kufikia siku hiyo. Wengine walisema mabaki yanakoma, kama wizara ilivyoahidi. Mimi nilijua wale watu hawajala.

Bi Siwema akaja na sufuria kubwa kichwani, ile ya kuazimwa kwa shughuli. Alipita karibu nami, nilipokuwa nimesimama na kipaza sauti changu, akaniambia nia yake. "Mimi wananijua. Uso wangu uko kila ukuta. Wacha wanione nikiingia, halafu waseme hamna mtu."

Nilitaka kumshika mkono. Lakini mkono mmoja ulikuwa na kipaza sauti, na mwingine ulikuwa na hotuba.

Alimwendea Afande Sabasi akamuuliza sheria inasemaje juu ya mtu asiyeandikishwa. Afande akajibu kama alivyofundishwa, kwamba mtu huyo awekwe mahali patupu palipo karibu. Akauliza ni wapi palipo karibu. Afande Sabasi akatazama huku na huku, jasho likimtiririka, kisha akalitazama jengo. Akatamka kwa shida kwamba kutoka ndiko kunakohitaji jina. Kuingia hakuhitaji.

"Basi fungua," Bi Siwema akasema.

Mabalozi walimwona. Brigedia alimwona, yeye aliyebandika picha yake kila ukuta. Aliinama kidogo ili sufuria ipite mlangoni, akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake. Bendi ikapoteza mdundo, ikanyamaza. Katika ukimya ule ikasikika sauti ya kijana, nyembamba, ikitoka nyuma ya ukuta.

"Mama, nawe umekufa?"

"Bado," mama mtu akajibu. "Nawa mikono, mwanangu. Na wenzako wanawe, kipo cha wote."

Kifuniko cha sufuria kikalia sakafuni. Ikafuata minong'ono ya watu wengi, na mmoja akaanza kulia kama mtoto mdogo. Upepo ukaleta harufu ya wali wa nazi mpaka chini ya mahema, na balozi mmoja akavua miwani yake akauliza kitu kwa lugha yake. Mkalimani hakutafsiri.

Brigedia Lutengano akainuka. Alikwenda taratibu mpaka kwenye tingatinga, akamuuliza dereva anasikia nini. Dereva alikuwa baba wa watu, mwenye kitambulisho kipya kilichoning'inia kifuani. Akakishika.

"Sisikii kitu, Mheshimiwa."

Brigedia akamgeukia Afande Sabasi. Afande hakusikia kitu. Akamgeukia Bi Kidawa, aliyekuwa profesa, naye akatikisa kichwa huku akitazama viatu vyake. Akaja kwangu mwisho, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kipaza sauti, na nchi nzima ilikuwa ikinisikiliza majumbani.

Nilisema sisikii kitu. Kisha nikawaeleza wasikilizaji kwamba hali ya hewa ni nzuri, kwamba wageni wamependeza, na kwamba upepo mwanana unavuma kutoka upande wa jengo, nao hauna harufu yoyote.